Firigisi Haikuwa Yao

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Walioketi upande wa kushoto, hapo kwa wazee, itikieni tena na mseme kwa nguvu, kwa sababu sikio langu la huo upande lilikufa nikiwa mtoto. Haya, nimesikia kidogo. Amina.

Wengi mnanijua kama Mama Omena. Nimeuza omena, dagaa wa ziwa, katika soko la Busia tangu barabara ikiwa vumbi. Naitoa ziwani, pale Sio Port, kwa gunia, na gorogoro yangu, mkebe wa kupimia, haijagongwa chini kama za wengine, anayetaka aje aingize mkono apime. Shule niliacha darasa la pili nikabebe ndugu zangu wadogo. Kwa hivyo mkiona nimezunguka katika maneno yangu, mnivumilie. Ng'ombe mzee hata akizubaa kwa nyasi, zizi analijua.

Leo nashuhudia vile Mungu alinitoa kwa woga. Sisemi woga wa simba, hapa kwetu simba yuko wapi? Nasema woga wa watu walioketi kwa viti. Kuna watu wakishaketi kwa viti na wakakohoa pamoja, hata mtu mwenye ukweli wake anashikwa na kiu.

Wacha nianzie mbali. Mama yangu alikufa nikiwa bado nang'oka meno. Baba akaleta mama mwingine, na huyo mama siku moja alinipiga na mti wa jembe hapa, juu ya sikio. Damu ilitoka, kisha maji, kisha dunia ya huo upande ikanyamaza kabisa. Ndugu ya mama yangu akaja kulalamika. Wazee wa boma wakasema haya ni maneno ya nyumbani na yatamalizwa nyumbani. Kuku akachinjwa. Wakaingia, mlango ukarudishwa, wakala, wakatoka wakipangusa midomo, wakasema yamekwisha. Mjomba wangu akaenda zake na mimi nikabaki.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nje, nimeegemea ukuta wa jikoni. Sikio moja lilikuwa limekufa, na lile lililobaki, kitu cha kwanza kikubwa lilichosikia likiwa peke yake ni wazee wakitafuna. Ndugu zangu, nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, nimeokoka, lakini hiyo sauti ya kutafuna niliishi nayo. Mtu akisema "haya ni maneno ya nyumbani," nainamisha kichwa kama mtoto. Hivyo ndivyo nilikuwa nimefungwa.

Sasa sikilizeni vile Mungu ana ucheshi.

Siku moja mchungaji alitangaza hapa kanisani kwamba afisa wa watoto anatafuta watu wa kujitolea, watu wazima wenye roho safi, "wa kusimama na watoto kwa koti." Mimi na sikio langu nikasikia koti. Nikasema hii ni baridi ya mwezi wa saba, wazungu wameleta makoti, wanataka watu wa kusimamisha watoto kwa laini wasisukumane. Kazi hiyo naiweza! Nikaenda na mfuko mkubwa, na tena, kusema ukweli, nilikuwa na wajukuu wangu wawili kwa akili.

Kufika kwa ofisi, tukafundishwa juu ya hakimu. Nikangoja makoti. Tukafundishwa vile mtoto aliyepigwa au aliyetupwa anahitaji mtu wake kortini, mtu asiye wa polisi na asiye wa ukoo, wa kumtembelea, kuangalia analala wapi na anakula nini, kisha amwambie hakimu ukweli. Nikangoja makoti. Mwisho nikauliza, na afisa, kijana mpole sana, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, mama, si koti ya kuvaa, ni koti ya kushtaki. Nikamwambia basi, nimeshakuja, mfuko nitabebea nini? Andika jina langu. Mimi nikitembea na kuangalia, wewe utaandika. Na ndivyo tumefanya mpaka leo, mimi nasema na yeye anaandika.

Mtoto aliyenifungua mimi anaitwa Nafula. Baba yake alikuwa mtu wa Busibwabo, mama yake Mteso, mtu wa kabila la Teso wa kule Amagoro, na wote wawili wamelala. Kwa watu wa mama yake walimwita Akiru. Nafula kwetu, Akiru kwao, yote ni aliyezaliwa wakati wa mvua, na mvua ni ile ile. Alikuwa anakaa kwa baba yake mkubwa anaitwa Wandera, mtu mwenye mali kidogo, anapitisha mizigo ya watu mpakani pale Malaba. Mwalimu ndiye alileta habari. Alisema mtoto anakuja shule na manyoya ya kuku kwa nywele, na anajikuna mpaka anatoka damu.

Tulienda na afisa mchana. Bibi ya Wandera akatupokea vizuri, soda ikatoka. Nikauliza mtoto analala wapi. Nikaonyeshwa kitanda kina shuka ya maua, imenyooka kama ya hoteli. Sikubisha. Nikatoka nje nikamwambia Nafula, mama, hebu niletee sweta yako nione kama inakutosha. Mtoto akapita mlango wa nyumba, akapita jikoni, akainama akaingia kwa kibanda cha kuku. Akatoka na sweta. Bibi ya Wandera akaanza kusema haraka haraka, na afisa akaacha soda yake hapo.

Miguuni alikuwa na alama za kamba. Hizo sitazieleza sana, kuna watoto hapa mbele.

Aliondolewa siku hiyo hiyo, akapewa mlezi wa muda hapa Busia mjini, na maneno yakafika kwa hakimu. Wandera akasema kortini kwamba huyo ni damu yake, amemlea kama wake, anakula sahani moja na watoto wake, alama ni za kucheza na ndama. Na mama mdogo wa Nafula, mtu wa Amagoro, mwanamke anayepika chai pale kwa soko, akasema anamtaka mtoto wa dada yake. Hakimu akasema tutarudi, atasikiliza wote kisha aamue ni wapi Nafula ataishi. Kwa kibanda cha kuku ama Amagoro. Hayo ndiyo yalikuwa kwa mizani, ndugu zangu.

Nilikuwa namtembelea Nafula kila nikitoka sokoni. Alikuwa haongei. Ananiangalia tu, anapanga omena kwa sahani, kichwa upande huu, mkia upande ule. Siku moja akaniuliza kama naweza kumjua jogoo kwa sauti peke yake. Nikasema hapana. Akasema yeye anaweza. Tangu hapo akaanza kuniita Kukhu, na kwa wageni niseme, kwetu Kukhu ni nyanya, mama wa mama au wa baba. Halafu kuku ni kuku. Wekeni hiyo kwa akili, itakuja kutuletea maneno.

Sasa, kabla ya siku ya korti, nikaitwa Busibwabo. Wazee wa ukoo wa Wandera wanataka kumaliza maneno nyumbani. Nikamwambia afisa, akasema mama huna lazima ya kwenda, hiyo kesi haimalizwi kwa kikao. Lakini nilijua mama mdogo wa Nafula ameitwa pia, na wakimpata peke yake watamkalia mpaka aseme amekubali. Nikaenda. Njiani naomba, "Bwana, nishike mkono."

Nilikuta sebule ya Wandera imejaa. Vitambaa vyeupe kwa viti. Wazee watano ama sita, na Wandera kwa kiti cha karibu na dirisha. Mama mdogo wa Nafula walimweka kwa mkeka pale mlangoni, macho yake mekundu, wameshaongea naye. Mimi nikapewa kiti. Na si kiti tu, kiti cha wanaume, katikati. Nikashangaa.

Wakaongea kwa adabu kubwa. Mtoto ni wa ukoo. Mtoto hawezi kulelewa kwa watu wa mama kama mtoto asiye na kwao. Wandera alikosea kidogo, ataomba msamaha. Huyu mama wa Amagoro atakuja kumsalimia wakati wowote. Na wewe Mama Omena, mtu wa kanisa, mtu wa amani, utamwambia huyo hakimu kwamba tumepatana, kwa sababu hakimu anakusikiza.

Chakula kikaletwa. Ugali, mchuzi, na jogoo mwekundu amekatwa vizuri. Halafu bibi ya Wandera akapiga magoti mbele yangu na sahani ndogo, na kwa hiyo sahani kuna firigisi peke yake, imondo, imekaangwa inang'aa.

Vijana wa siku hizi mtacheka, lakini wazee mnajua. Firigisi ya kuku kwetu haipewi mwanamke. Ni ya mwenye boma, ama ya mgeni mkubwa anayekalia kiti cha mwenye boma. Mama yangu alikufa hajaionja. Mimi nimepika kuku miaka yote ya ndoa yangu, hiyo firigisi nilikuwa naigusa na kijiko tu. Na ukishapewa ukala, umepokea maneno ya hiyo nyumba. Huwezi kutoka nje useme ingine.

Mzee wao mkubwa, yule wa kofia, akasema, "Mama, tumekupa heshima ambayo hata bibi zetu hatujawapa. Kula, yaishe."

Ndugu zangu, nisidanganye kanisani. Mate yalijaa mdomo. Mimi, mtoto wa nje ya jikoni, nimeketi ndani, nimepewa firigisi! Shetani si mjinga, anajua njaa yako ya zamani anakupikia hiyo hiyo. Na kama wangeniletea paja ningekataa mara moja.

Nikaitazama. Na hapo, ndugu zangu, nikasikia. Wazee walikuwa wameshaanza kula. Walikuwa wanatafuna! Sauti ile ile. Nikajua kuna mtoto mahali amesimama nje ya hii nyama.

Roho akanishika mgongo. Nikauliza, "Wazee wangu, hii firigisi ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Hapana, nauliza kwa desturi. Kukiwa na maneno ya kumaliza, firigisi ni ya nani?"

Wakaangaliana. Mzee wa kofia akasema ni ya mwenye maneno.

Nikasema, "Basi mwenye maneno hayuko hapa. Nitampelekea."

Nikasimama. Nikakata jani la mgomba pale nje ya mlango, nikarudi ndani mbele yao wote, nikaifunga firigisi, nikaitia kwa kikapu. Nikamwambia yule mama kwa mkeka, dada, inuka twende, chai yako inaungua sokoni. Akainuka.

Wandera alikuwa amefungua mdomo na nyama bado imo. Mzee wa kofia akanifuata mpaka kwa ua. Akasema polepole, karibu na sikio langu hili zima, "Mama, hilo sikio lako lisikie leo. Kesho halitasikia."

Nilimpata Nafula kwa mlezi wake, anafua soksi. Nikamfungulia jani. Akauliza ni kuku gani. Nikasema jogoo mwekundu. Akasema, "Wa kucha iliyovunjika?" Nikasema sikuona kucha. Akasema huyo ndiye alikuwa anamwamsha asubuhi, na wakati wa baridi alikuwa analala karibu naye. Nikafikiri hatakula. Akala. Akatafuna pande zote mbili, akameza, akaniuliza kama mtu anayeuliza bei, "Sasa mimi ndiye mwenye boma?"

Nikamwambia ndiyo.

Sasa haya mengine ni ya aibu kidogo lakini ni ushuhuda. Wiki hiyo hiyo sikio langu zima likaziba. Kabisa! Naamka, naona jogoo anafungua mdomo, sauti hakuna. Wateja wananiambia gorogoro mbili napima tatu. Nikajua laana imenifika. Wako dada zangu wa kanisa hili, sitawataja, mnajijua, walinionyesha kwa mikono nipeleke kuku kwa yule mzee, niombe msamaha, kabla korti haijafika. Nikalia. Nikamwambia Mungu, kama ni kufa masikio yote mawili, yafe, lakini kuku sipeleki! Mimi nimeshapeleka sikio moja kwa wazee, la pili hawapati.

Asubuhi ya korti nikapita kwa zahanati kwanza, nisije nikaaibisha afisa. Daktari akaingiza taa, akacheka, akaleta bomba la maji ya vuguvugu. Ikatoka nta kama punje ya harage, na katikati yake, niaminini, gamba la omena. Nikasikia pikipiki nje. Nikasikia mtoto analia chumba kingine. Nikasema halleluya pale pale daktari akaruka. Mungu wetu, akitaka kuvunja laana, hata bomba la maji anatumia. Nikaenda kortini nikikimbia, na umri huu.

Korti ya watoto si kama ile ya wezi. Tuliketi kwa meza moja. Hakimu ni mama mtu wa Pwani, Kiswahili chake kimenyooka mpaka mtu anaona haya kuongea. Nikasema niliyoyaona: shuka ya maua, sweta, kamba. Kisha Wandera akasimama, mpole, ametia tai. Akasema anashukuru korti, lakini maneno yalishakwisha nyumbani, na shahidi ni mimi mwenyewe. Akasema huyu mama alipewa firigisi, akaipokea, akaondoka nayo mbele ya wazee. Na mzee wa kofia, pale kando yake, akaitikia kwa kichwa.

Hakimu akaomba aelezwe firigisi inahusika vipi na kesi. Mzee akaeleza vizuri, kwa majivuno, desturi yote. Aliyekula ndiye amepokea maneno. Nikakubali, nikasema ni kweli, ndivyo ilivyo kwetu.

Hakimu akanigeukia. "Na wewe uliila?"

Nikasema, mheshimiwa, mimi sikuila. Ililiwa na mwenye maneno, na yuko hapa.

Hakimu akamwita Nafula karibu, akamuuliza taratibu ni kweli alikula firigisi. Nafula akasema ndiyo. Akaulizwa nani alimpa. Akasema, "Kukhu."

Hakimu akaweka kalamu. "Kuku ndiye aliyekupa firigisi?"

"Hapana," Nafula akasema. "Kuku alikuwa amekufa. Ni Kukhu alinipatia." Akaninyoshea kidole.

Afisa alificha uso kwa faili. Hata hakimu alicheka. Lakini Wandera hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika tangu aliposikia nani amekula, damu imepanda kwa shingo. Akasahau tai, akasahau korti, akapiga meza na kusema, "Msichana ale imondo? Huyu? Kwangu hata shingo ya kuku hajawahi kuonja, leo ndio ale imondo!"

Na mimi, ndugu zangu, nilisikia kila neno kwa sikio langu lililooshwa asubuhi.

Hakimu akasema, "Bwana Wandera, ulituambia anakula sahani moja na watoto wako. Hebu rudia ulichosema sasa hivi."

Wandera akamwangalia mzee. Mzee akaangalia kofia yake. Hakuna aliyerudia, lakini iliandikwa.

Nafula yuko Amagoro kwa mama yake mdogo, kwa amri ya korti, na sisi tunamtembelea. Maneno ya kamba yalipelekwa mahali pengine pa kushtaki, na huko nako nitaenda, na gunia langu la omena nitaliacha kwa jirani. Wako watu wa Busibwabo wananiambia nimeharibu ukoo wa watu. Wako wengine hawanunui omena yangu tena. Basi wale nyama!

Juzi nilienda Amagoro. Mama mdogo akachinja kuku, akamwachia Nafula firigisi kwa sahani yake. Nafula akaikata katikati na meno, nusu akanitia mkononi, akasema, "Kula, Kukhu, ni yetu." Nikala. Ni ngumu kidogo, kumbe, na tamu. Tulitafuna wote wawili, na hiyo ndiyo sauti ninayotembea nayo sasa. Ile ingine Yesu ameiondoa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru afisa anayeandika maneno yangu bila kuyanyoosha sana. Na wewe uliyeketi hapa na uliwahi kusimama nje ya jikoni ukinusa kuku wa maneno yako, sikiliza. Mungu hakuwa ndani na wale wazee. Alikuwa amesimama nje na wewe. Mwamini, hata kama umezeeka, hata kama una sikio moja. Kisha uje Jumatatu kwa ofisi ya watoto uandikishe jina, kwa maana watoto ni wengi na sisi wa kusimama ni wachache. Makoti hakuna, nawaambia mapema.

Na ninyi mtakaoitwa mahali wiki hii mkapewa sahani, mkaambiwa tumalize nyumbani, ulizeni kwanza mtoto yuko wapi na amekula nini. Asipokuwa ndani, hiyo nyama si yenu.

Bwana asifiwe.

Upande wa kushoto, sijawasikia.